Kwao ni Wapi?

Kwetu Chemba, kijana akileta posa, wazee hawaanzi na mahari. Wanaanza na kwao. Kwao ni wapi, baba yake ni nani, ule ugomvi wa shamba uliishaje, dada yake aliyeolewa Kondoa anaishi vipi na wakwe zake. Mtu mmoja mwenye busara hutumwa kimyakimya akakae kwenye kijiji cha huyo kijana siku mbili tatu, anywe uji, asikilize. Akirudi ndipo kikao kinakaa. Nimeshuhudia posa ikisimama kwa sababu ya deni la mbuzi lililokopwa kabla mwoaji hajazaliwa.

Kampuni ikija kijijini haiulizwi hata nusu ya hayo. Inakuja na gari lenye nembo ubavuni, vijana wawili wenye fulana zinazofanana, na cheti kilichowekewa plastiki. Cheti kinapita mkono kwa mkono. Watu wanagusa muhuri. Mtu mmoja anasema, "Hawa wamesajiliwa," na neno hilo linafunga mjadala ambao ulikuwa haujaanza.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo, kusajiliwa, tangu Oktoba ya mwaka juzi, mvua zilipokuwa bado hazijanusa na baba mdogo aliponipigia simu nikiwa Dodoma mjini, kwenye mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Yeye ni katibu wa kikundi cha wakulima 43 upande wa Goima, watu wa alizeti, ufuta na mtama, kwenye wilaya yetu hii iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Baada ya shikamoo na marahaba alienda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Kuna kampuni imekuja. Kilimo cha mkataba. Wanatulimia kwa trekta, wanatupa mbegu chotara, na wananunua alizeti yote kwa shilingi elfu moja kwa kilo."

Msimu uliotangulia yeye aliuza kwa shilingi 600.

"Na ninyi mnatoa nini, baba mdogo?"

"Elfu arobaini kwa ekari, ya kujiunga. Gharama nyingine watakata wakati wa mavuno. Wamesajiliwa, cheti ninacho hapa. Lakini wewe si unasoma mambo ya biashara? Hebu nichunguzie. Ni wakweli?"

Alikuwa ananituma kama yule mtu wa kunywa uji. Tofauti ni kwamba kijiji cha kampuni sikijui kilipo, na swali lenyewe, ni wakweli, halina ofisi yoyote nchini inayolijibu.

Baba mdogo hakuwa mwoga bure. Kila mtu mzima wa nchi hii anaikumbuka DECI. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" za fedha na kusubiri "kuvuna", maneno yaliyochukuliwa shambani na kanisani kwa pamoja, mpaka serikali ilipousimamisha mpango huo mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Kwa mkulima, mpango ule ulikuwa na ubaya wa pekee, kwa sababu uliazima lugha yake. Mbegu anaijua. Kusubiri mavuno anakujua. Hakuona sababu ya kuuliza jambo ambalo tayari lilikuwa na jina la kazi yake.

Nilimwomba baba mdogo anitumie picha ya cheti, mbele na nyuma, na picha ya mkataba kurasa zote.

Jambo la kwanza ni kujua karatasi uliyoshika ni ya kitu gani. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, anasajili vitu vingi, na viwili kati ya hivyo huchanganywa kila siku. Kuna jina la biashara, na kuna kampuni. Jina la biashara ni jina tu: mtu anayeuza sabuni anaweza kusajili jina zuri lenye neno "Afrika" ndani yake, lakini nyuma ya jina ni yeye mwenyewe, na madeni ya jina ni madeni yake. Kampuni ni kiumbe kingine mbele ya sheria. Ina uwezo wa kumiliki, kudai na kudaiwa, na waliomo ndani yake si yenyewe. Vyeti vyote viwili vina muhuri, na kwa mtu aliyesimama chini ya mti na kalamu mkononi vinafanana.

Chetu kilikuwa cha kampuni. Niliingia kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, ule ulioanza kutumika mwaka 2018, nikaandika jina na namba ya usajili. Ilitokea. Jina lilikuwa lilelile, herufi kwa herufi. Hilo la herufi si dogo, maana watu hujipachika kwenye jina la kampuni inayojulikana kwa kuongeza neno moja tu, "Group" au "Tanzania", na msomaji mwenye haraka hulipita.

Wengi huishia hapo, na ninawaelewa. Umetafuta, umepata, moyo umetulia. Lakini cheti cha usajili kinatolewa mara moja, siku kampuni inapozaliwa, na hakiandikwi siku ya kufa. Kampuni iliyolala miaka kumi bado ina cheti kizuri, na kampuni iliyofutwa kwenye daftari cheti chake hakijiungui chenyewe ndani ya plastiki. Cheti kinakuambia kwamba siku fulani watu fulani walilipa ada na kujaza fomu. Ukitaka kujua yaliyofuata, unaliomba jalada.

Jalada la kampuni haliko sirini. Mtu yeyote mwenye namba ya NIDA anaweza kujifungulia akaunti, akaomba taarifa za kampuni, akapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu. Nililipa, nikasubiri, nikasoma. Nilikuwa nimekaa maktaba pembeni ya dirisha, na ninakiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona raha ya kusoma kitu kikavu namna ile. Kila mstari ulikuwa ni jibu la swali ambalo mtu wa posa angeliuliza.

Wazazi ni akina nani? Wenye hisa wawili, na hao hao ndio wakurugenzi. Umri? Miezi kumi na minne. Ofisi? Kiwanja chenye namba, Dodoma mjini. Kazi? Katiba ya kampuni ilitaja kilimo, usafirishaji, ujenzi, utalii, madini na "shughuli nyingine yoyote halali", jambo ambalo si kosa, kampuni nyingi hujiandikia hivyo ili zisirudi kuomba ruhusa, ila ina maana kwamba ukurasa huo haukusaidii kujua wanachokiweza. Mtaji? Hisa 100, kila moja shilingi 50,000. Jumla milioni tano. Taarifa za mwaka? Hakuna iliyokuwa imewasilishwa. Mkopo wa benki wenye dhamana ya mali ya kampuni? Hakuna uliosajiliwa.

Nilichukua daftari nikapiga hesabu ambayo kila mwanachama wa kikundi angeweza kuipiga, laiti angekuwa na ule mstari wa mtaji mbele yake.

Wakulima 43, kila mmoja ekari tatu, ni ekari 129. Trekta kwa bei ya kwetu ni shilingi 50,000 kwa ekari. Mbegu chotara kilo mbili kwa ekari, kwa bei ya duka la pembejeo, zilikaribia 70,000. Hiyo ni 120,000 kwa ekari, jumla shilingi 15,480,000. Wakulima wangetoa 40,000 kwa ekari, yaani 5,160,000. Kwa hiyo kabla chipukizi moja halijatoka ardhini kampuni ilitakiwa iwe na zaidi ya milioni kumi zake yenyewe. Kisha yakaja mavuno: tukikadiria kwa kujizuia, magunia matano kwa ekari na kilo sitini kwa gunia, ni kilo 38,700. Kwa shilingi elfu moja kwa kilo, milioni 38 na laki saba, za kulipwa ndani ya wiki chache. Na hicho ni kikundi kimoja. Gari lile lilikuwa limepita vijiji vingine.

Mtaji ulioandikwa kwenye jalada si fedha iliyoko benki, na mtu asije akadhani kampuni yenye mtaji mdogo ni ya matapeli. Inaweza kuwa na mnunuzi mkubwa nyuma yake, mwenye kiwanda anayetoa fedha msimu ukifika. Ila basi imtaje huyo. Jalada halikuniambia kwamba ni waongo. Lilinipa swali la kuwauliza ana kwa ana: hizi milioni 38 zitatoka wapi?

Niliona pia kwamba michango ya kikundi chetu pekee ilikuwa inauzidi mtaji wote wa kampuni. Kwa maneno mengine, wakulima ndio wangekuwa wawekezaji wakubwa, bila kuwa na hisa hata moja.

Siku iliyofuata nilienda kutafuta kiwanja. Hapa ndipo kazi inaporudi kuwa ile ya kunywa uji. Anwani ilikuwa ya kweli, nyumba ya kawaida yenye bango dogo, na uani kulikuwa na mashine ya kukamua mafuta, ndogo lakini nzima, yenye harufu ya mashudu mapya. Sikuingia kwanza. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mama ntilie, nikaagiza wali maharage. Nilimuuliza kama wale jirani ni wateja wake.

"Wanakula hapa kila siku," alisema. "Kwa mkopo. Mwisho wa mwezi wanalipa. Mwezi wa nane walichelewa, lakini walilipa."

Hakuna taasisi iliyonipa taarifa iliyo bora kuliko hiyo kwa bei ya sahani moja ya wali. Ilikuwa inatoka kwa mtu anayewadai, asiye na sababu ya kuwasifia wala kuwachafua, na ilikuwa na mwezi ndani yake. Baadaye nilipata namba za wakulima wawili wa upande wa Kondoa walioiuzia kampuni hiyo msimu uliopita. Wote walisema walilipwa. Mmoja alisema baada ya wiki moja, mwingine wiki sita. Wa wiki sita alikuwa ameuza mwishoni, fedha zilipokuwa zimeanza kupungua. Majibu yao mawili, ukiyaweka pamoja na ule mstari wa mtaji, yalikuwa ni hadithi moja.

Nilianza kuona kwamba swali la baba mdogo lilikuwa na milango miwili, wa ukweli au uongo, na kampuni hii haikupita mlango wowote kati ya hiyo. Walikuwa watu wa kweli, wenye mashine ya kweli, waliotoa ahadi kubwa kuliko mabega yao. Sisi tumezoea kumtafuta mwizi. Mtu asiye mwizi lakini asiyeweza kulipa anapita katikati yetu bila kuulizwa, na gunia lako likishapanda gari lake, tofauti ya hao wawili haikusaidii kulipa ada ya mtoto.

Kuna jambo jingine lililonizuia kuliamini jalada kupita kiasi. Karatasi zilizonyooka kabisa zimewahi kutangulia msiba. Mr Kuku Farmers Limited ilijiita kampuni ya ufugaji, na watu waliahidiwa faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne, na asilimia 90 ndani ya miezi sita. Mwaka 2020 mwanzilishi wake alitiwa hatiani Kisutu kwa kuendesha upatu. Hapo kilichotosha kumzindua mtu si jalada, ni kuku. Mtu yeyote aliyewahi kufuga anajua kuku anakula kiasi gani na anataga mangapi, na anajua hakuna kuku wa asilimia 90.

Ya Jatu ni ngumu zaidi. Hiyo ilikuwa kampuni ya umma, ikihamasisha kilimo cha pamoja, na mwaka 2020 hisa zake ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni iliyoko sokoni hukaguliwa kuliko kampuni nyingine yoyote: hutoa waraka wa kuuza hisa, hupitia kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, hutakiwa kutangaza hesabu zake. Mwishoni mwa mwaka 2022 aliyekuwa mkurugenzi wake mtendaji alifikishwa Kisutu akishtakiwa kujipatia zaidi ya shilingi bilioni tano za Saccos ya Jatu kwa njia ya udanganyifu. Shtaka si hukumu. Lakini wanachama waliokuwa wanasubiri fedha zao walikuwa wameshajifunza kwamba kuorodheshwa ni hali ya siku ile, kama cheti, na kwamba baada ya siku ile lazima mtu aendelee kusoma. Hesabu zinazotangazwa hazina faida kama hakuna mwenye hisa anayezifungua.

Ajabu ni kwamba kampuni kubwa kuliko zote zilizowahi kuigusa Chemba ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuisoma. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na linakatiza upande wetu huu wa Kondoa na Chemba. Kampuni yenyewe, EACOP, imesajiliwa Uingereza. Msajili wa makampuni wa huko, Companies House, tangu mwaka 2015 anaacha majalada wazi bila malipo. Nikiwa chini ya mbuyu, mtandao ukikubali, ninaweza kusoma majina ya wakurugenzi wake na hesabu zake. Wenye hisa wanajulikana: TotalEnergies asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC yetu 15, CNOOC ya China 8. Halafu naja kwa mtu wa alizeti anayetaka elfu arobaini ya mjane wa Goima, na habari zake napaswa kuzifuata kwa wali maharage. Kadiri mkono unaochukua fedha unavyokuwa mdogo na wa karibu, ndivyo kilichoandikwa juu yake kinavyopungua.

Nilienda nyumbani Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kikao kilikuwa kwenye ofisi ya kijiji. Baba mdogo alinitambulisha kama mtoto wao aliyeenda kuchunguza, na nikaona nyuso zikisubiri neno moja, ndiyo au hapana. Nilisema kwamba sikuwa nalo. Nilikuwa na niliyoyaona: umri wa kampuni, mtaji, taarifa za mwaka ambazo hazikuwasilishwa, mashine iliyopo, wiki moja na wiki sita. Niliyasoma yote kwa mpangilio, nikawaandikia ubaoni zile hesabu za ekari 129.

Walinyamaza kwa muda. Kisha bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi ambaye ekari zake tatu analima na wajukuu, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliandika.

"Ikishindikana, tunamdai nani?"

Nilieleza. Neno lile "Limited" mwishoni mwa jina maana yake dhima ina kikomo. Mnaidai kampuni. Kampuni ikiwa haina kitu, wenye hisa hawadaiwi zaidi ya hisa zao. Nyumba ya mkurugenzi, gari lake, shamba lake, kwa kawaida havimo. Sheria iliwekwa hivyo makusudi, ili mtu aweze kuthubutu biashara bila kufilisika yeye na watoto wake, na biashara nyingi nzuri zisingezaliwa bila hiyo.

"Kwa hiyo yeye akishindwa, anabaki na nyumba," alisema bibi. "Na mimi nikishindwa?"

Hakuna aliyejibu. Kilimo cha mkulima mdogo hakina kikomo cha dhima. Msimu ukimwangusha, deni linaingia mpaka zizini.

Swali lake ndilo lililogeuza kikao. Watu waliacha kuuliza kampuni ni nzuri au mbaya, wakaanza kuuliza nani abebe nini kwanza. Yalitoka masharti manne. Ada ilipwe baada ya trekta kulima, si kabla. Mkataba usainiwe mbele ya afisa kilimo na nakala ipelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri. Mizani iwe ya kikundi, na lumbesa isiwepo. Na mzigo usiondoke mpaka fedha ziwe zimeingia kwenye akaunti ya kikundi.

Mkurugenzi mmoja alikuja mwenyewe wiki iliyofuata. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyeonekana kuchoka. Baba mdogo alimuuliza kwa heshima zote zile milioni 38 zingetoka wapi. Alijibu kwamba kuna mnunuzi wa mafuta mjini wanayezungumza naye. Baba mdogo akaomba barua ya huyo mnunuzi. Barua haikuwepo. Alikubali sharti la kwanza kwa nusu: elfu ishirini kabla, elfu ishirini baada ya kulima. Alikubali mizani. La fedha kabla ya mzigo alilikataa, na sababu yake ilikuwa ya kweli: alinunua kwa kuzungusha, anauza mafuta ya jana ili alipie alizeti ya leo. Nadhani siku hiyo tulimfahamu kuliko ambavyo jalada lingeweza kutufahamisha.

Waliojiunga ni 19 kati ya 43, wengi kwa ekari moja badala ya tatu. Bibi hakujiunga. Trekta lilikuja kwa kuchelewa, mvua za kwanza zikiwa zimeshapita, na mashamba manne hayakufikiwa. Mbegu zilikuwa nzuri. Mavuno yalipokuja bei ya soko ilikuwa chini ya elfu moja, na kampuni ikasema haiwezi kulipa zaidi ya soko. Walionuna walinuna. Wale wanne ambao hawakulimiwa walirudishiwa elfu ishirini zao, wawili mapema na wawili baada ya kufuatwa mara nyingi. Hasara ilikuwepo, ila ilikuwa na kipimo chake: hakuna aliyeuza ng'ombe.

Siwezi kusema uchunguzi uliokoa kijiji, na nadhani waliojiunga kwa ekari tatu wangeweza kuniambia kwamba mbegu zile pekee ziliwafaa. Tangu hapo watu hunipigia, wengine siwajui kabisa, wakitaka niwachunguzie. Ninawaambia wanayoweza kuyafanya wenyewe. Linganisha jina kwa herufi. Uliza cheti ni cha jina la biashara au cha kampuni. Lipia jalada, tena mwezi huu, si la mwaka jana. Angalia kama kazi yao inahitaji leseni ya chombo kingine, kwa sababu usajili hautoi ruhusa ya kila kazi: anayekopesha lazima awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila hiyo, anayeuza mbegu yuko chini ya TOSCI, anayekusanya mitaji ya watu yuko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tafuta jina la kampuni na majina ya wakurugenzi kwenye TanzLII, ambako hukumu za mahakama zinasomwa bure, uone waliwahi kugombana na nani na kwa sababu gani. Kisha funga simu, nenda ukale karibu na ofisi yao.

Lakini kazi niliyoipenda zaidi haikutoka kwangu. Ilitoka kwa baba mdogo, baada ya yale mavuno. Alinunua daftari gumu la kurasa mia mbili, akachora safu kwa rula. Jina la mnunuzi. Namba ya usajili. Namba ya gari. Bei aliyoahidi. Bei aliyolipa. Siku kati ya mzigo kuondoka na fedha kufika. Mizani ya nani. Safu ya mwisho ina maneno mawili tu, "Alirudi tena", na chini yake ni ndiyo au hapana.

Mpaka sasa lina wanunuzi kumi na mmoja: wa alizeti, wa ufuta, wa mbaazi, na mmoja wa asali. Kampuni yetu ipo kwenye mstari wa kwanza, siku 23, bei pungufu, alirudi tena: ndiyo. BRELA hawezi kuyajua hayo, na hakuwekwa ayajue. Mama ntilie anajua ya kwake, Kondoa wanajua ya kwao, na kila mmoja alikuwa amekaa na kipande chake. Msimu huu kikundi cha kata ya jirani kimeomba kulinakili daftari, nacho kitaleta majina ya kwake. Baba mdogo amekubali kwa sharti moja, kwamba mnunuzi akilipa vizuri iandikwe kwa haraka ileile inayotumika akikosea.